Namna ya Kumwandika Askari wa Upande wa Pili katika Ushairi wa Vita

Mwongozo huu ni wa mtunzi ambaye tayari anazijua arudhi, ambaye hahitaji kufundishwa mizani wala vina, na ambaye sasa anataka kutunga shairi la vita ambamo askari wa upande wa pili anaonekana kuwa mtu. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Watunzi wengi wa hapa Mwanza ambao nimewasikia wakisoma huifikia haraka mno: hutangaza katika ubeti wa kwanza kwamba adui naye ni binadamu, kisha hubaki na beti kumi ambazo hazina la kusema. Ninachopendekeza ni kinyume cha hapo. Utu wa adui usitamkwe popote katika shairi. Uwekwe ndani ya kitu, kazi au sauti, na msomaji aufikie mwenyewe, ikiwezekana bila kupenda.

Chagua vita, kisha chagua mtu mmoja

Shairi la vita lisilo na vita mahususi huishia kuwa wimbo wa amani, na nyimbo za amani tunazo za kutosha. Chagua vita vyenye mahali, mwaka na majira. Anayeishi kando ya Ziwa Victoria hana haja ya kwenda mbali. Mwezi Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, yakaishambulia Bukoba na kukiharibu kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Mwezi Julai 1916 Mwanza yenyewe ikatekwa. Vita hivyo tumevizoea kwa majina ya wakubwa wa Kizungu, lakini kadiri miaka ilivyosonga, waliofyatuliana risasi katika Afrika Mashariki walikuwa zaidi na zaidi Waafrika kwa Waafrika, askari wa Mjerumani upande huu na askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) upande ule, na nyuma yao msururu wa wapagazi ambao njaa na maradhi viliwaua wengi kuliko risasi. Wako askari wa Mjerumani ambao walipotekwa waliandikishwa KAR, wakaendelea na vita vilevile wakiwa wamebadili sare. Mtunzi mwenye macho atakuta humo shairi zima: mtu yuleyule, bunduki nyingine, shabaha ni wenzake wa mwezi uliopita.

Vita vya Kagera viko karibu zaidi, na kwa sababu hiyo ni vigumu zaidi. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera lilikuwa limevunjwa. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa wakirudi kwao kutoka uhamishoni. Wapo watu wazima wengi Mwanza na Bukoba wanaoyakumbuka hayo kwa macho yao wenyewe, na hao ndio watakaokusikiliza.

Sasa zingatia jambo ambalo halipatikani katika vita vingi vya dunia. Jeshi la Uganda lilikirithi Kiswahili kutoka KAR, kama tulivyokirithi sisi. Batalioni ya 4 ya KAR ilikuwa ya Uganda, na ndiyo iliyokuja kuwa jeshi la nchi hiyo; batalioni ya 6 ilikuwa ya Tanganyika, ikaja kuwa Tanganyika Rifles, jeshi lililovunjwa baada ya maasi ya Januari 1964 kabla ya JWTZ kuundwa mwezi Septemba mwaka huohuo. Watu wa Uganda na wa Tanganyika walipigana Burma mwaka 1944 katika divisheni moja ya Afrika Mashariki, chini ya bendera moja ya kikoloni. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba baba wa askari aliyekufa katika mapigano ya Lukaya, nchini Uganda, na baba wa askari aliyemuua walikwisha kushiriki handaki moja. Mtunzi wa Ulaya alilazimika kubuni mahali ambapo maadui wawili wangeweza kuzungumza. Wewe huna haja hiyo, kwa kuwa adui wako anaposema unamwelewa, na akilia anamlilia mama kwa neno lilelile unalotumia wewe. Jambo hili moja nitalirudia katika mwongozo mzima, kwa sababu naamini ndilo linaloweza kuufanya ushairi wetu wa vita usifanane na wa wengine.

Ukishapata vita, acha kuandika juu ya jeshi. Tafuta mtu mmoja.

Kuuliza wazee

Mtu huyo mmoja hupatikana kwa kuuliza, na kuuliza kuna adabu yake. Mpiganaji mstaafu hafuatwi na daftari mkononi siku ya kwanza. Amkia, kaa, mzungumzie mvua na bei ya dagaa, rudi siku nyingine. Swali la kuua usiliulize kamwe; kama analo la kusema atalisema, na kama hataki, ukimlazimisha atakupa hadithi aliyokwisha kuisimulia mara nyingi, ambayo haina kitu ndani yake. Uliza habari za viatu. "Mzee, viatu mlivyopewa vilidumu hadi wapi?" Uliza walilala juu ya nini mvua iliponyesha, walipika kwa kuni gani, nani katika kombania alikuwa mchekeshaji. Kisha, kwa sauti ileile, uliza kuhusu wale wengine: mahandaki yao mliyoyakuta yalikuwa na nini? Walikuwa wameacha chakula gani? Walikuwa na picha? Maswali haya hayamtishi mtu, na majibu yake ndiyo malighafi yako. Sufuria iliyoachwa motoni katika handaki la adui ina thamani kubwa kwa mshairi kuliko hotuba nzima kuhusu ukatili wa vita.

Liko pia jambo la heshima kwa waliopoteza. Kule Kaboya, wilayani Muleba, wapo wapiganaji wetu waliozikwa, kila mmoja na kaburi lake. Nenda huko kabla hujaandika neno moja la huruma kwa upande wa pili. Sisemi hivyo ili huruma ikutoke. Nasema hivyo ili ikugharimu kitu. Shairi lililoandikwa na mtu ambaye hajasimama mbele ya makaburi ya watu wake hujulikana upesi, kwa kuwa husamehe kwa wepesi wa mtu asiyedai chochote.

Walivyofanya wengine

Nitataja mifano mitatu tu, kila mmoja kwa ajili ya ufundi wake.

Homer, katika utenzi wa vita vya Troya, anamleta mfalme mzee Priam usiku katika hema la Achilles aliyemuua mwanawe Hector, akiomba maiti. Mzee anaibusu mikono iliyowaua wanawe. Wote wawili wanalia, lakini angalia vizuri: hawalilii jambo moja. Priam anamlilia Hector, Achilles anamlilia baba yake aliyeko mbali na rafiki yake aliyekufa. Wanakula pamoja. Halafu wanapanga siku 11 za kuomboleza na kuzika, na ya 12 watapigana tena ikibidi. Hapo ndipo ulipo ukubwa wa mshairi yule: machozi hayakuvimaliza vita. Mtunzi wa kawaida angewafanya maadui wakumbatiane na kutupa silaha, na hakuna ambaye angeamini.

Thomas Hardy alichapisha mwaka 1902, mwaka ambao vita vya Makaburu vilimalizika, shairi la beti tano ambamo askari wa kawaida anasimulia jinsi alivyomuua mwenzake. Kama wangekutana kilabuni, anasema, wangeagiziana vinywaji. Anajaribu kueleza kwa nini alimpiga risasi: kwa sababu, kwa sababu alikuwa adui. Kigugumizi hicho cha "kwa sababu" ndicho shairi lenyewe. Anakumbuka kwamba huenda yule mwingine alijiandikisha jeshini kama yeye, kwa kukosa kazi tu. Ufundi wa kuchukua hapa ni kumpa adui ajira, au ukosefu wa ajira. Umaskini wa namna moja huwaunganisha watu kwa nguvu ambayo maadili hayana.

Wa tatu ni Wilfred Owen, aliyeuawa tarehe 4 Novemba 1918, juma moja kabla ya bunduki kunyamaza. Katika shairi lake mashuhuri msemaji anashuka katika shimo refu chini ya ardhi na kukutana na mtu ambaye mwishoni anajitambulisha kuwa ndiye adui aliyeuawa naye jana. Hesabu mishororo ya kila mmoja: aliyekufa ndiye anayezungumza zaidi. Muuaji husikiliza. Kumpa adui nafasi kubwa ya kusema kuliko nafsineni, yaani msemaji wa shairi, ni uamuzi wa kiufundi kabla haujawa uamuzi wa moyo.

Kwetu, tenzi za zamani za vita zina upande, nazo hazioni haya. Hemedi bin Abdallah aliyetunga juu ya Wadachi, yaani Wajerumani, kuutamalaki Mrima aliandika akiwa upande wa watu wa pwani, na ingekuwa upuuzi kumdai leo awaonee huruma waliokuja na mizinga. Sikushauri uudharau urithi huo. Jifunze kutoka kwake jinsi ya kwenda kasi, kwa maana mshororo wa mizani minane ni njia nzuri ya kusafirisha jeshi. Kasi hiyohiyo, hata hivyo, ndiyo hatari yako: utenzi hupita mbele ya uso wa mtu kabla hujautazama. Itakubidi uusimamishe kwa makusudi.

Ubeti mmoja ulivyo na unavyoweza kuwa

Tuchukue ubeti ambao mtu yeyote anaweza kuutunga kwa dakika chache:

Adui naye ni mtu,
ana damu kama yetu,
ana roho, ana utu,
sote Mungu katuumba.

Mizani imetimia, vina vimekaa, na hakuna wa kuupinga. Ndiyo kasoro yake. Ubeti huu ungeweza kusomwa katika ufunguzi wa semina yoyote na watu wangeitikia kwa vichwa huku wakisubiri chai. Hauna vita, hauna mahali, na adui aliyetajwa hana hata mikono. Isitoshe, unamhutubia msomaji ambaye hakukataa: mtu gani mwenye akili husema kwamba adui hana damu?

Sasa mpe yule adui mfuko, na ndani ya mfuko weka kitu kimoja. Kitu hicho kisiwe picha ya mke wala barua ya mama, kwa sababu hizo zimeshachakaa katika ushairi wa vita wa dunia nzima. Kiwe kitu cha ziwa hili. Mimi nilichagua sindano ya kushonea nyavu, ile ya mti ambayo mvuvi huzungushia uzi, kwa kuwa inatumika Sese, visiwa vya upande wa Uganda, kama inavyotumika Ukerewe kwetu, na mtu wa pwani ya ziwa akiiona haulizi ni ya nani, huuliza nyavu zimebaki wapi.

Nikasaka mfukoni,
hamna hata sumuni,
sindano ya mti ndani,
ya nyavu kuzishonea.

Nami kwetu Ukerewe,
babangu juu ya jiwe,
hushona nyavu mwenyewe,
jua linapopungua.

Tazama yaliyotokea. Hakuna mahali ambapo imesemwa kwamba aliyekufa alikuwa mvuvi, wala kwamba alikuwa na baba, wala kwamba wawili hawa wanafanana. Ubeti wa kwanza unahusu mfuko, wa pili unahusu mzee aliyekaa juu ya mwamba. Daraja kati yao limeachwa msomaji alivuke. Neno "sumuni" pia linafanya kazi: linamwonyesha nafsineni akitafuta pesa katika mfuko wa maiti, jambo ambalo askari wa kila jeshi wamelifanya, na ambalo linamzuia asigeuke mtakatifu wa shairi lake mwenyewe. Ukimtakasa msemaji, adui atakuwa mtu kwa hisani ya msemaji tu, na hiyo ni dharau ya aina nyingine.

Kama unataka kujulisha kwamba aliyepekua ndiye aliyeua, mshororo mmoja unatosha: "bunduki yangu i moto." Usiongeze mwingine. Mtunzi anayeeleza majuto yake kwa beti tatu anataka apewe pole, na shairi linahama kutoka kwa aliyekufa kwenda kwa aliye hai.

Kuna kishawishi cha kutaja jina la yule aliyekufa. Ninakipinga. Ukimwita kwa jina umeonyesha kwamba unamjua, ilhali uzito wa jambo uko katika kutomjua. Mwache na sindano yake.

Kumpa adui kauli

Kwa mazungumzo, utenzi ni mwembamba. Tumia shairi la mizani 16, lenye ukwapi na utao, kwa sababu kipande cha kwanza kinaweza kubeba sauti moja na cha pili kikajibu au kikakataa kujibu. Ngonjera nayo ni mahali pazuri, mradi usiwafanye wanangonjera wako wawili kuwa mawakili wa hoja. Huu ni mfano wangu:

Kaniita, "Ndugu yangu, nipe maji, nimechoka,"
Kiswahili cha wenzangu, kila neno likafika,
Chupa mkandani mwangu, kizibo kikanitoka,
Sajini, kwenye ukungu, akanambia, "Ondoka."

Hapa ndipo lugha ya pamoja inapofanya kazi yake. Askari asiyeielewa lugha ya majeruhi anaweza kujidanganya kwamba amesikia kelele. Huyu hawezi, kila neno limefika. Adui hakusema "nakufa", wala hakulaani. Alisema "nimechoka", neno ambalo mtu hulisema akirudi shambani. Jihadhari sana na maneno makubwa kinywani mwa mtu anayekufa. Mara nyingi waliokuwepo husimulia kwamba watu huomba maji, humwita mama, au huuliza ni saa ngapi.

Tazama pia kwamba ubeti hausemi kama alipewa maji. Kizibo kimemtoka mkononi, sajini ameamuru, basi. Nikisema alimpa, nimeandika shairi la askari mwema; nikisema hakumpa, nimeandika shairi la majuto. Nikinyamaza, msomaji atalazimika kuamua yeye angefanya nini, na sajini atakuwa amesimama nyuma yake. Sajini huyo ni muhimu kuliko anavyoonekana. Mashairi mengi ya utu wa adui husahau kwamba askari yuko chini ya amri, na hivyo huandika kana kwamba vita ni ugomvi wa watu wawili walioshindwa kuelewana. Weka amri ndani ya shairi, hata kwa neno moja.

Kuhusu lahaja: Kiswahili cha askari wa Uganda si cha Unguja, wala si cha Mwanza. Usikikejeli. Kuvunjavunja sarufi ili msomaji acheke ni njia ya haraka ya kumrudisha mtu kuwa kikaragosi. Ukitaka kuonyesha tofauti, neno moja linatosha, na lazima uwe umelisikia kwa masikio yako.

Ninawakumbusha watunzi vijana juu ya ngoma za Wasukuma, Bagika na Bagalu, ambao watunzi wao walizikejeli pande pinzani kwa nyimbo mbele ya umati. Kejeli iliyouma ilitoka kwa mtu aliyemjua mpinzani wake barabara. Ushairi wa vita unadai maarifa hayohayo, ingawa unayatumia kwa kazi nyingine.

Usiifute hatia

Sehemu hii ndiyo inayowashinda wengi, nami nitakaa hapa kidogo. Kumwona adui kuwa mtu si kusema kwamba pande zote zilikuwa sawa. Mwaka 1978 nchi moja ilivamiwa na nyingine, raia wa Kagera waliuawa, mifugo yao ikaswagwa kuvuka mpaka, watu wakakimbia makwao. Shairi linalolificha hilo ili lipate huruma yake kwa urahisi litakataliwa Kyaka, na litakataliwa kwa haki.

Njia ninayoipendekeza ni kuyaweka mawili hayo ndani ya mtu mmoja. Yule mwenye sindano ya nyavu mfukoni awe pia ndiye aliyeswaga ng'ombe wa mtu. Katika beti za mbele mwonyeshe akifungua zizi; baadaye mwonyeshe mfuko wake. Msomaji atataka kumchukia na atashindwa kumchukia kikamilifu, kisha atataka kumsamehe na atashindwa kumsamehe kikamilifu. Hali hiyo ya kukwama ndiyo unayoitafuta, na usimsaidie kujinasua kwa ubeti wa hitimisho.

Tofautisha vilevile mtawala na askari wake. Redio na nyimbo za wakati ule zilimpa Amin jina la Nduli, na alilistahili. Lakini kijana aliyeandikishwa kwa sababu kwao hakukuwa na kazi, ambaye mshahara wake ulichelewa na ambaye kamanda wake alikimbia kwa gari usiku, hakuwa Amin. Ukimpa jina lile, umempunguzia hatia mtawala kwa kuigawa.

Halafu igeuze taa upande wako. Mutukula, mji mdogo wa mpakani upande wa Uganda, ulibomolewa baada ya majeshi yetu kuuteka mwezi Januari 1979, na raia waliuawa. Huko Masaka majengo mengi yaliharibiwa pia. Askari wetu walikuwa wameona yaliyofanyika Kagera. Hilo linaeleza hasira yao, na mshairi anaweza kulieleza bila kuligeuza kuwa udhuru. Sijui shairi la vita linaloweza kudai kwamba limemwona adui kuwa mtu huku likiwaona watu wa kwake kuwa malaika. Utu wa wote wawili hutoka katika chungu kimoja, na kilichoungua kwa mmoja kinanuka kwa mwingine.

Zoezi la rubani

Kwa wanaotaka kujipima, lipo tukio la hapahapa mjini. Mwaka 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kuishambulia Mwanza ikakosa shabaha yake. Silaha zake ziliangukia Kisiwa cha Saanane, zikaua swala. Watu hulisimulia tukio hilo wakicheka, na kucheka kwenyewe ni haki yao, kwa sababu wangeweza kuwa wamekufa wao.

Tunga beti nne kutoka kwa rubani. Masharti ni haya: usibuni habari yoyote ya nyumbani kwake, usimpe mke wala majuto, tumia tu kile ambacho angeweza kukiona kutoka juu, yaani maji, miamba, mitumbwi, mapaa ya mabati, kisiwa. Hajui kwamba kuna swala. Hajui jina la mji kwa matamshi yake. Anataka kurudi. Zoezi hili ni gumu kwa sababu linaondoa lugha ya pamoja niliyoisifu muda wote. Kati ya rubani na mtu wa Kirumba, hapa Mwanza, hakuna neno, kuna urefu wa anga peke yake. Utalazimika kuutafuta utu wake katika namna anavyotazama. Wengi hushindwa katika ubeti wa tatu, ambapo hamu ya kumfanya ajute huwa kubwa mno. Izuie. Mtu aliye juu kiasi hicho hana cha kujutia bado.

Kulisoma mbele ya watu

Shairi likiisha usilitume popote. Lisome kwa sauti, kwanza peke yako, ili usikie pale ambapo mizani inakulazimisha useme kitu usichokusudia. Inkisari na mazida, yaani kufupisha na kurefusha maneno, ni ruhusa yako, lakini katika kauli ya majeruhi ziwe chache, kwa maana mtu anayekufa hafupishi maneno kwa ajili ya vina.

Kisha msomee mtu aliyefiwa katika vita hivyo, kwa idhini yake, na umwambie mapema kwamba shairi lina askari wa upande wa pili. Akikuomba unyamaze, nyamaza. Akisema ubeti fulani ni uongo, muulize ni neno gani, si kwa nini. Mara nyingi kosa liko katika kitu kidogo, kama aina ya kiatu au saa ya mchana, na kikirekebishwa, lile lililomkera linaondoka nacho.

Msikilizaji wa tatu atoke ng'ambo. Hilo si gumu Mwanza: katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, wafanyabiashara wa dagaa huja kutoka Uganda na nchi nyingine jirani, na wengi wao wanasikia Kiswahili vizuri. Mtafute mtu mzima ambaye hana haraka ya mzigo, mwombe radhi kwa usumbufu, umsomee. Usimuulize kama amelipenda, kwa sababu kwa adabu atasema amelipenda. Muulize swali moja tu, yaani kama yule askari wa kwao aliyemo ndani ya shairi anaongea kama watu wa kwao wanavyoongea. Akikurekebisha neno, liandike hapohapo kama alivyolitamka, hata kama litakulazimisha kuuvunja ubeti mzima na kuutunga upya.